Uzi: Kwa nini anayerudia karatasi moja ya mtihani wa uwakili asiifanyie Mombasa, Kisumu au Eldoret?

#1 – Mleta uzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Naandika nikiwa nyumbani Umoja, hapa Nairobi. Mtoto wa mdogo wangu, miezi 5, amelala kwenye kochi hapa ubavuni mwangu, na mama yake hajarudi. Aliondoka saa kumi na moja kasoro alfajiri kwenda kufanya karatasi moja ya mtihani wa uwakili. Moja. Zile 8 nyingine alishapita, hii ya hati za ardhi ndiyo iliyomrudisha.

Kaniachia chupa 3 za maziwa kwenye friji, kila moja imebandikwa kipande cha selotepu chenye saa yake kwa kalamu: mbili, tano, nane. Alisafiri usiku kucha kutoka Malindi, mtoto mapajani, na tangu afike hajapata usingizi wa saa 4 mfululizo. Juzi usiku nilimkuta jikoni, kitabu amekiegemeza kwenye sufuria ya ugali, anakamua maziwa huku anasoma. Nikijumlisha nauli, chakula, matatu za hapa mjini na siku ambazo hakuingia kazini, karatasi hiyo moja imemla zaidi ya shilingi 12,000, ada ya mtihani kando. Na huyu ana dada Nairobi wa kumlaza. Asiye na dada je?

Sasa niingie kwenye hoja. Kwa asiyejua utaratibu wetu: ukimaliza shahada ya sheria unaingia mafunzo ya uwakili, ATP, pale Kenya School of Law. Anayefundisha ni Kenya School of Law, anayetahini ni Baraza la Elimu ya Sheria. Kila chombo kina sheria yake, zote mbili za 2012. Karatasi ni 9: kesi za madai, za jinai, mirathi, uandishi wa kisheria, utetezi mahakamani, maadili, uendeshaji wa ofisi, hati za ardhi na miamala ya biashara. Kuna pia miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu, ile tunayoiita pupilaji. Ukianguka karatasi, unarudia ile uliyoanguka.

Hapo kwenye kurudia ndipo ninapotaka tukae. Mtihani wa kwanza kufanyiwa Nairobi naweza kuuelewa, kwa sababu wanafunzi wako hapa, wamepanga hapa, na darasa lao liko hapa. Wakati wa kurudia darasa limeshavunjika. Mmoja yuko Lodwar kwa wakili wake, mwingine Garissa, mwingine amerudi kwao Kisii anafundisha shule ya upili ili apate riziki. Kuwaita wote hawa Nairobi kwa karatasi ya saa chache ni kuwatoza kodi ya umbali, na anayeilipa zaidi ni yule aliye mbali zaidi.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 6(3), inasema chombo cha kitaifa kihakikishe huduma zake zinafikika kwa kiasi kinachofaa katika sehemu zote za Jamhuri, kwa kuzingatia aina ya huduma yenyewe. Sisi wanasheria ndio tunaowasomea wengine kifungu hicho. Mahakama ya Rufaa yenyewe husikiliza rufaa Kisumu, Mombasa na Nyeri. Wahasibu wanaofanya mitihani ya Kasneb hufanyia kwenye vituo vilivyotapakaa nchi nzima, na hakuna aliyesema uhasibu wetu umeshuka thamani kwa sababu mtu alifanyia Eldoret.

Lakini sitaki tudanganyane kwamba kituo cha mtihani ni ukumbi na viti tu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia mtihani wa taaluma nyingine, nje ya Nairobi, katika shule ambayo sitaitaja. Bahasha ilifika imefungwa vizuri. Tukawaita watahiniwa 2 mbele, wakaikagua lakiri, wakaweka sahihi kwamba haijaguswa. Nikaikata. Ndani mlikuwa na karatasi 42. Waliokaa mbele yangu walikuwa 47.

Mkuu wa kituo akaniambia twende ofisini tutoe nakala. Nikakataa. Akaniambia watahiniwa wanangoja. Nikakataa tena, kwa sababu karatasi ikishapita kwenye mashine ya ofisi iliyojaa makarani, hamna mtu duniani anayeweza kuapa ni nakala ngapi zilitoka. Tulipiga simu makao makuu, tukangoja maagizo, na wale 5 wakaanza wakiwa wamechelewa dakika 50. Muda wao ulifidiwa, ila nilikuwa nawaona. Kijana mmoja mkono ulikuwa unamtetemeka hata kofia ya kalamu haitoki.

Mtu alihesabu vibaya Nairobi, aliyeumia yuko kilomita 300 mbali. Kwa hiyo ninapodai vituo vya nje, nadai pia vitu vifuatavyo, na bila hivyo afadhali mdogo wangu aendelee kupanda basi: bahasha ya akiba katika kila kituo, iliyofungwa kama zile nyingine. Msimamizi mkuu atoke nje ya mji ule, asiwe mhadhiri wa watahiniwa wala wakili anayelea mwanagenzi humo ukumbini. Karatasi zilale mahali penye ulinzi wa polisi kama zinavyolala zile za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwenye makontena, na funguo ziwe kwa watu 2 tofauti. Jenereta iwashwe na kujaribiwa jana yake, siyo siku yenyewe. Na saa ya kuanza iwe moja nchi nzima, kwa dakika.

Mfano wa nje unaonishika sana ni wa Ufilipino. Ni nchi ya visiwa, na mtihani wao wa uwakili unaendeshwa na Mahakama ya Juu yenyewe. Kwa miaka mingi walifanyia Manila, Jumapili 4 za mwezi mmoja. Mtu wa kisiwa cha Mindanao, kusini, alipanda ndege, akapanga chumba, akakaa mbali na kwao mwezi mzima. Korona ilipokuja, mtihani wa 2020 haukufanyika. Jaji Marvic Leonen, aliyekuwa mwenyekiti wa mtihani huo, akausimamia ukiwa umehamishiwa kwenye vituo vya miji mbalimbali na kwenye kompyuta. Haikuwa rahisi: Desemba 2021 kimbunga Odette kilipiga maeneo yaliyokuwa na watahiniwa, Januari maambukizi yakapanda, tarehe zikasogezwa. Hatimaye ulifanyika tarehe 4 na 6 Februari 2022, watahiniwa zaidi ya 11,000. Mtihani uliofuata, Novemba mwaka huohuo, ukawa na vituo 14. Janga lilipopungua hawakurudi Manila peke yake.

Pendekezo langu ni dogo makusudi. Tuanze na wanaorudia tu, miji 3: Mombasa, Kisumu na Eldoret. Miji hii ina vyuo vikuu, ina mahakama kuu, ina matawi ya Chama cha Mawakili. Tukijifunza, tuongeze Garissa na Nyeri. Mnasemaje?

#2

Wakili, pole kwa mdogo wako, na mtoto Mungu amkuze. Ila mimi naogopa. Mwakenya, vile vikaratasi vya kuibia mtihani, tunaujua wote tangu shule ya msingi. Leo mtihani uko chini ya jicho moja na bado watu wanajaribu. Ukiusambaza miji 3, umeongeza milango 3 ya kuuibia. Cheti hiki ndicho kinamruhusu mtu kushika pesa za mjane. Ukivuja mara moja tu, mwaka mzima wa mawakili wote utatiliwa shaka, hata waliofanya kwa haki.

#3

Niko Kisumu, pupilaji nimemaliza, narudia karatasi 2. Naunga mkono. Jambo moja watu wa Nairobi hawalioni: siku ya mtihani ikianguka Jumatatu, mimi natoka huku Jumamosi, kwa sababu siwezi kulitegemea basi la Jumapili usiku. Likiharibika Mau Summit nimekwisha. Kwa hiyo karatasi moja ni siku 4. Wakili ninayemfanyia kazi ni mwema, lakini mara ya pili alininyamazia.

Kuhusu stima: ukumbi wowote huku lazima uwe na jenereta na madirisha makubwa. Mvua ya mchana ya Kisumu ikishuka giza linaingia kama saa moja usiku.

#4

Naomba kuuliza kwa nia njema. Nilisoma kwamba huo mtihani wa Ufilipino wa Februari 2022 watu 72 kati ya 100 walipita. Si ndiyo ishara kwamba vituo vya nje vililegeza mambo?

#5 – Mleta uzi

#4, asante, swali zuri. Ni kweli, walipita 8,241, asilimia 72.28. Sasa tazama uliofuata, Novemba 2022, nao ukiwa kwenye vituo vya nje na kwenye kompyuta vilevile: walipita 3,992 kati ya 9,183, asilimia 43.47. Kama ukumbi wa mji wa mbali ndio unaopitisha watu, mbona asilimia ilishuka hivyo na kumbi bado ziko mbali? Mtihani wa Februari ulifupishwa ukawa wa siku 2 kwa sababu ya janga, ule wa Novemba ulirudi siku 4. Kinachopandisha na kushusha ni karatasi yenyewe na jinsi inavyosahihishwa.

#2, hofu yako ni yangu pia, ndiyo maana niliandika yale ya lakiri kwa urefu. Ila tusiamini kwamba kukusanya watu mahali pamoja ni usalama. Haohao Wafilipino, 26 Septemba 2010, siku ya mwisho ya mtihani, bomu la mkono lililipuka nje ya chuo cha De La Salle pale Manila katikati ya umati uliokuja kuwapokea watahiniwa. Watu 47 walijeruhiwa. Umati mkubwa mahali pamoja, siku inayojulikana, nao ni hatari yake.

Na kwa upande wa kuvuja: walipohamia kompyuta, mtahiniwa alishusha faili la mtihani mapema likiwa limefungwa, halisomeki hadi nywila itolewe wakati wa kuanza. Programu inafunga kila kitu kingine kwenye mashine. Hapo hakuna bahasha ya kusafirisha wala ya kuhesabu vibaya. Sisemi tuanze hivyo kesho, maana si kila mwanagenzi ana kompyuta yenye betri ya kuaminika, na sitaki tuondoe kodi ya umbali tuweke kodi ya kompyuta.

#6

Dada yangu, salamu kutoka Mombasa. Watu hupenda kutuambia "pandeni treni, asubuhi mnaondoka mchana mko Nairobi". Kweli, Madaraka Express ipo tangu 2017. Lakini inakushusha Syokimau, na kutoka Syokimau hadi Karen, iliko Kenya School of Law, na begi la vitabu, jioni, foleni ikiwa imeshika, hiyo ni safari nyingine. Na mtu wa Lamu kabla hajaiona hiyo treni ameshapanda boti na basi.

Ushauri wangu: huku Pwani ukumbi usichaguliwe kwa uzuri. Mwezi wa Novemba kuna joto la kukata tamaa. Panapotakiwa ni feni zinazofanya kazi, na mbali na barabara yenye malori ya bandarini. Nilishafanya mtihani wa chuo kando ya barabara hiyo, kila lori likibadilisha gia swali linanitoka kichwani.

#7

Natumia kiti cha magurudumu. Nimefanya mitihani Nairobi na nitasema lililo wazi: ukumbi wenyewe haukunitesa kama matatu. Utingo ananiona, gari linaondoka. Nililazimika kukodi teksi asubuhi na jioni kwa kila karatasi. Kama ningefanyia mjini kwetu Nakuru, ninakojua kila mteremko na kila duka lenye choo kinachoingilika, ningelipa robo ya hiyo.

Kwa hiyo mkiandika barua yoyote, ongezeni Kifungu cha 54 cha Katiba, cha haki za watu wenye ulemavu, pamoja na hicho cha 6. Na msiseme tu "ukumbi uwe na mtelezo wa kiti". Semeni mtu aende na kiti chenyewe aujaribu kabla ukumbi haujachaguliwa. Nimeona vijia vya kupandia viti vilivyoishia mbele ya ngazi 2.

#8

Mimi naona tunapigania jambo la pembeni. Pesa za kukodi kumbi 3, posho za wasimamizi, ulinzi, usafiri, zote hizo zingeenda kwa watahini zaidi ili matokeo yatoke mapema. Mtu akijua mapema ameanguka nini, atajipanga. Safari ya siku 4 inauma, kungoja miezi kunauma zaidi.

#9

Nikubaliane na #8 nusu. Majirani zetu Uganda walianza upande mwingine kabisa: Law Development Centre ilikuwa Kampala, sasa ina matawi Mbarara na Lira. Mafunzo na mtihani vimemfuata mwanafunzi kwa pamoja. Nigeria nao chuo chao cha uwakili kilianza Lagos mwaka 1962, leo makao makuu yako Bwari, Abuja, na matawi yako Lagos, Enugu, Kano, Yola, Yenagoa na Port Harcourt. India mtihani wao wa kitaifa wa mawakili, tangu ule wa kwanza wa 2011, mtahiniwa huchagua mji anapoomba. Kwa hiyo gharama inabebeka, na nchi hizo hazina pesa za ajabu kutuzidi.

Ila la #8 la matokeo lina uzito. Script, yaani karatasi za majibu, za Mombasa, Kisumu na Eldoret zikirudi Nairobi kwa siku tofauti, kusahihisha kutachelewa. Lazima ziingie kwenye chumba kimoja, zichanganywe, namba za watahiniwa zifichwe mji, ili mtahini asijue anasahihisha ya Kisumu au ya Nairobi.

#10 – Mleta uzi

#9, hilo la kuchanganya script sikulifikiria, nalichukua lilivyo. Namba ya mtahiniwa isibebe herufi ya mji wowote.

#8, sikatai kwamba wanaosahihisha wanahitaji kuongezwa. Lakini angalia nani analipa sasa. Gharama ya safari haiko kwenye bajeti ya ofisi yoyote, kwa hiyo haionekani. Iko kwenye mfuko wa #3, iko kwenye teksi ya #7. Ukiihamishia kwenye bajeti itaonekana kubwa, ila ilikuwepo siku zote. Mimi niko radhi hata anayechagua kituo cha nje aongezewe ada kidogo mwanzoni, mradi isifike nusu ya nauli yake.

#7, nakushukuru kwa dhati. Nimeandika kama ulivyosema: mtu aende na kiti. Na ningependa uwe mmoja wa watakaoisoma barua kabla haijapelekwa.

Nimeona tuanze hivi. Kila aliyewahi kurudia karatasi akiwa nje ya Nairobi aniandikie kwenye ujumbe wa faragha mambo manne: alitoka mji gani, alirudia karatasi ngapi, alitumia siku ngapi, na jumla ya pesa. Majina siyahitaji. Barua yenye hesabu za watu 60 itasomwa tofauti na barua yenye machozi yangu.

#11

Mimi nilirudia karatasi moja nikitoka Marsabit. Siku 5. Hesabu nakutumia usiku huu. Nilikuwa nimejiambia ni uzembe wangu kuanguka, kwa hiyo safari nayo nikaihesabu ni adhabu yangu. Sikuwahi kuifikiria kama jambo la kulalamikia.

#12 – Mleta uzi

#11, ulishalipia kuanguka kwako uliposoma upya na kulipa ada upya. Hiyo ya siku 5 haikuwa sehemu ya kosa lako. Tuma hesabu.

Mdogo wangu amerudi, saa kumi na mbili unusu, mvua ilishika Lang'ata Road nzima. Amemchukua mtoto kabla hajavua viatu, akaketi palepale mlangoni akamnyonyesha. Ile chupa ya saa nane mtoto aliikataa, iko friji bado imejaa. Nimemuuliza karatasi ilikuwaje, akasema swali la kodi ya pango la biashara lilimkalia vizuri, la rehani hana hakika. Basi lake ni saa tatu usiku, kesho anatakiwa ofisini Malindi. Naenda kumpashia chakula, nitarudi kuwajibu waliobaki.